Kati ya Mnara na Mkongo

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kule karibu na Afrika Kusini, na kwa siku kadhaa Tanzania ikajaa wataalamu wa bahari. Kijiweni kwetu dereva wa bodaboda alikuwa anajua kina cha maji, na muuza mitumba alikuwa anajua meli ya matengenezo imefika wapi. Sikuwabishia, safari ile lawama ilikuwa ya bahari kweli. Ila mimi ni fundi wa transmisheni, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye kipande ambacho kijiweni hakitajwi: zile kilomita zilizo kati ya mnara wa simu wa huko wilayani na mkongo mkubwa uliofukiwa kando ya barabara kuu. Siku za kawaida, intaneti ikiwa nzito, ugonjwa mara nyingi uko hapo.

Mama mmoja, wakala wa miamala katika mji mdogo wa nyanda za juu kusini, alikuwa hachelewi kunipigia. “Shikamoo fundi. Vijiti vyote viko juu, 4G imeandikwa, mbona wateja wangu hawafungui hata picha?” Namwitikia marahaba, kisha namweleza lile lile: vijiti vinasema simu yako na mnara vinasikiana, basi. Havisemi mnara wenyewe unasikilizana na nani. Kutoka kwenye mnara wake data inarushwa kwa redio ya maikrowevu hadi kilima cha jirani, inashuka kwenye shelta, kijumba cha mitambo ambako minara mingine kadhaa nayo inamwaga mzigo wake, ndipo inaingia kwenye fiba kwenda makao makuu ya mkoa, halafu Dar es Salaam, halafu baharini. Baharini nafasi imekuwa tele tangu nyaya za Seacom na TEAMS zilipotua Afrika Mashariki mwaka 2009, ikafuata EASSy mwaka 2010. Kwenye shelta ile ndiko kulikosongamana. Wenye kazi yao hupaita ukingoni mwa mtandao, na ukingo huchelewa kuboreshwa kwa sababu hakuna waziri anayealikwa kukata utepe kwenye shelta.

Niliingia kazini zama za SDH. Hiyo ni mitambo ya kusafirishia simu iliyoenea duniani miaka ya 1990, na kipimo chetu cha kila kitu kilikuwa E1: megabiti 2.048 kwa sekunde, zilizogawanywa vipande 32 vya kilobiti 64. Vipande viwili ni vya kuongozea kazi, 30 vinabeba sauti za watu. E1 sitini na tatu zinaingia kwenye bomba moja liitwalo STM-1, la megabiti 155, na humo wanaweza kuongea watu 1,890 kwa wakati mmoja. Wilaya ikipata STM-1 nzima ilijiona tajiri.

SDH ilikuwa kama basi la mkoani ambalo viti vyote vimekatiwa tiketi za mwaka mzima. Mwenye kiti akipanda, anakaa. Asipopanda, kiti kinasafiri kitupu mpaka mwisho wa safari, na aliyesimama stendi haruhusiwi kukikalia. Kwa simu za sauti utaratibu huo haukuwa mbaya, maana mtu akipiga anaongea mfululizo. Kwa intaneti ni hasara tupu. Mtu anafungua ukurasa kwa sekunde tatu, anausoma dakika mbili, na muda wote huo nafasi yake inapita bure huku jirani yake akingoja video izunguke.

Nisiisingizie, hata hivyo. SDH ilikuwa mitambo ya kiungwana. Fiba ikikatika upande mmoja wa mzunguko, iliugeuza mzigo upande wa pili ndani ya milisekunde 50, na aliyekuwa akiongea na mkwe wake asijue kitu. Taa zake za hitilafu zilikuwa zinasema kweli: kadi fulani, mlango fulani, upande wa kuingia. Iliishiwa pumzi tu. Mnara wa 4G kwa kawaida una nyuso tatu, na uso mmoja ukipewa megahezi 20 na antena mbili unaweza, ukifika kileleni, kutoa megabiti 150 kwa sekunde. Yaani uso mmoja wa mnara mmoja unakaribia kuimeza STM-1 nzima, ile ya watu 1,890. Na nyuma ya shelta moja inaweza kuwapo minara kumi na zaidi.

Kampuni zikafanya nini? Hazikung'oa, ziliongeza. SDH ikabaki kwa ajili ya sauti na wateja wa zamani. Ikaletwa swichi ya Ethernet kwa ajili ya data. Juu yake ikaja rauta. Fiba ilipojaa, ukaletwa mtambo wa kupitisha rangi nyingi za mwanga kwenye uzi mmoja. Katikati ya hivyo vyote vikapachikwa visanduku vidogo vya kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, vingine vimefungwa kwa kamba ya plastiki ukutani. Kila kimoja kina kampuni iliyokiunda, programu yake ya kukisimamia, kadi zake za akiba zinazokaa stoo Dar, na fundi wake aliyefundishwa hicho tu. Vyote vinakula umeme, vyote vinatoa joto, na kiyoyozi kimoja kinatakiwa kuvipoza. Fungua mlango wa shelta ya namna hiyo saa nane mchana wa Oktoba uone.

Mbaya zaidi ni zile pachikodi za njano zinazounganisha kisanduku na kisanduku. Chembe ya vumbi kwenye ncha ya pachikodi inatosha kuufifisha mwanga, na panya nao wana hamu yao na plastiki. Nakumbuka mji mmoja ambao data ilikuwa inapita kwa kusuasua jioni tu. Timu ya mwanga ikapima ikasema kwao salama. Timu ya SDH salama. Timu ya rauta salama, na ushahidi wa michoro wakatuma. Kila mmoja alikuwa mkweli, kwa sababu kila mmoja alikuwa anatazama kisanduku chake, na tatizo lilikuwa kwenye kipande cha waya kati ya kisanduku na kisanduku, kipande ambacho hakuna programu iliyokiona. Mwenyewe nilikuta ncha imekaa nusu nusu kwenye tundu lake. Nikaisafisha, nikaisukuma ikalia. Mkoani wakaniuliza nimebadilisha kadi gani.

Hapo ndipo inapoingia mitambo ya siku hizi inayochanganya pakiti, yaani data iliyokatwa vipande, na mwanga ndani ya chombo kimoja. Kwa nje ni fremu moja ya chuma yenye nafasi za kadi, inayoingia kwenye raki ya kawaida na kula umeme wa volti 48 kutoka kwenye betri kama wenzake. Ndani yake kazi tatu zilizokuwa na nyumba tatu zimehamia chumba kimoja. Kadi za upande mmoja zinapokea pakiti kutoka kwenye minara na ofisi, zinazipanga kwa umuhimu, sauti na pesa mbele, video nyuma, kisha zinazijaza kwenye bomba la pamoja. Asiyetumia nafasi yake kwa sekunde hii, mwingine anaikalia. Katikati kuna sehemu inayofungasha mzigo mkubwa kwenye makasha sanifu yaitwayo OTN, ili hata kama ni wa kampuni tofauti usichanganyike. Upande wa mwisho ni leza zenyewe, kila moja na rangi yake.

Nikisema rangi, usidhani utaziona. Mwanga wa fiba unakaa karibu na nanomita 1,550, ambako jicho la binadamu halifiki, na kwa sababu hiyo hiyo usichungulie kamwe ncha ya fiba iliyo hai. Macho yataungua bila kukuambia. Kwenye eneo hilo kioo kinapitisha mwanga vizuri kuliko popote: baada ya kilomita 15 nusu yake bado ipo. Baada ya kilomita 80 imebaki takriban sehemu moja ya 40, ndiyo maana mkongo mrefu una vituo vya kuukuza mwanga njiani. Vikuza hivyo vina kipande cha fiba kilichotiwa madini ya erbiumu, ugunduzi wa mwishoni mwa miaka ya 1980, na uzuri wake ni kwamba kimoja kinazikuza rangi zote kwa pamoja. Uzi mmoja mwembamba kama unywele unaweza kubeba rangi 80 au 96, kila moja gigabiti 100. Huku ukingoni hatuhitaji zote. Wilaya ikipata rangi mbili tatu zake, itakaa nazo miaka.

Na rangi ikishapewa mji, haina haja ya kushushwa njiani. Zamani mzigo wa Songea ukipita Njombe ulikuwa unageuzwa kuwa umeme, unasomwa, unapangwa, unageuzwa tena kuwa mwanga, kisha unaendelea, hata kama Njombe hakuna mtu wake. Sasa kuna vioo na vichujio vinavyoamriwa kwa kompyuta: rangi ya Njombe ichepuke, nyingine zipite zikiwa mwanga vile vile. Kadi zinapungua, umeme unapungua, joto linapungua. Mhasibu anaelewa hili haraka kuliko mhandisi.

Wamarekani walianza kuyafanya haya kwenye miji yao mapema. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya Verizon ilitangaza kuzichagua Ciena na Cisco zijenge mtandao wake wa mijini wa gigabiti 100 kwa mitambo ya namna hii. Wao wana fiba tele mijini, na tatizo lao mojawapo lilikuwa kuondoa vyuma chakavu vya zamani. Letu sisi ni gumu zaidi kidogo.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, sehemu yake ikifukiwa kando ya barabara na sehemu ikipita ndani ya waya wa juu kabisa wa nguzo kubwa za TANESCO, ule unaokinga radi. Wazo zuri mno, maana nguzo tayari zipo na mwizi hapandi huko. Mwaka 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye Kilimanjaro. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hatuwezi kufika mahali pagumu. Tukitaka, tunafika.

Kinachosumbua ni mambo mawili ambayo muuza mitambo huyasema kwa haraka, akikimbilia ukurasa wa bei. La kwanza ni majira. SDH ilikuwa inabeba data na mapigo ya saa kwa pamoja. Mnara ulioshikamana nayo ulijua sekunde ni ndefu kiasi gani bila kuuliza. Ethernet ya kawaida haikuzaliwa na tabia hiyo. Ukiondoa ya zamani na kuweka mpya bila kupanga saa itatoka wapi, siku ya kwanza kila kitu ni kizuri, na vipimo vyote vinapendeza. Baada ya muda malalamiko yanaanza ya namna ya pekee: simu hazikatiki kwa aliyekaa nyumbani, zinakatika kwa aliye kwenye basi. Kwa nini? Kwa sababu anayesafiri anapokezwa kutoka mnara hadi mnara, na minara isiyokubaliana majira haipokezani vizuri. Masafa ya mnara hayatakiwi kupotoka zaidi ya sehemu 50 katika bilioni. Kwa aina ya 4G na 5G zinazotumia masafa yale yale kwa zamu, kupokea na kutuma, kila mnara usipishane na saa kuu kwa zaidi ya sehemu moja na nusu ya milioni ya sekunde. Mitambo mipya ina dawa zake: Ethernet inayobeba mapigo, na itifaki ya kupashana saa iitwayo 1588. Zipo, zinafanya kazi, lakini lazima ziwashwe kwenye kila kituo njiani. Kituo kimoja kikiachwa, kilichobaki ni bahati. Nyongeza ya antena ya GPS juu ya mnara inasaidia, mpaka radi ipite.

La pili ni mabaki ya E1. Kwenye karatasi zimekufa. Ukifika saiti unazikuta: tawi la benki, ofisi yenye mitambo ya simu ya zamani, na minara ya 2G. Hii ya mwisho wakubwa huisahau kwa sababu wao wana simu janja. Mama wakala ninayemsema, nusu ya wateja wake wana kitochi. Wanabonyeza nyota, namba na alama ya reli, wanatuma ada ya shule, na 2G inatosha kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtambo mpya lazima uwe na kadi zinazoipokea E1, zinaikatakata kuwa pakiti, zinaivusha, na kuiunga upya upande wa pili bila mnara wa zamani kugundua kwamba barabara imebadilika. Bajeti ikibana, kadi hizo huwa za kwanza kufutwa kwenye oda. Nimewahi kupinga jambo hilo kikaoni kwa sauti iliyopita kiasi, na ningepinga tena.

Kuhama kwenyewe kunafanyika kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Mtambo mpya unakuwa umeshawekwa na kupimwa mchana kutwa na usiku kucha kwa mashine inayotuma biti na kuhesabu zilizoharibika, tunataka sifuri. Kisha mnara mmoja mmoja unahamishwa. Unachomoa, unasafisha ncha, unachomeka, unangoja taa, unampigia kijana wa chumba cha ufuatiliaji Dar: “Kaka, umeuona?” Naye, “Umeingia mzee, endelea.” Kila mnara simu ya majaribio, ujumbe mfupi, salio la kitochi. Ikifika saa tisa u nusu na kuna kitu hakijakaa, unarudisha vyote kama vilivyokuwa. Hakuna ushujaa kwenye kazi hii. Vijana wapya hupenda kuendelea “kidogo tu”, na kidogo hicho ndicho kinachoamsha mji hauna simu.

Sasa niseme ninaloliamini, hata kama wauza mitambo hawatalipenda. Kuweka kila kitu ndani ya chombo kimoja ni kupunguza gharama na kuongeza hatari kwa wakati mmoja. Zamani rauta ikifa, sauti ilibaki. Sasa fremu ikifa, vyote vimekufa: sauti, data, benki, kituo cha afya. Ndiyo maana mtambo mzuri una kadi mbili za ubongo na milango miwili ya umeme, lakini hata ubongo ukiwa kumi, fiba ikiwa moja hausaidii. Uboreshaji wa ukingo unaanza na njia, ndipo chombo.

Na njia mbili ziwe mbili kweli. Katika mkoa mmoja mchoro wa ofisini ulikuwa na mistari miwili mizuri, mwekundu na wa buluu, mzunguko kamili. Ikaja masika, kalavati moja likasombwa, na mji ukazimika. Mstari mwekundu na wa buluu ilikuwa imelala kwenye mtaro mmoja kwa sababu mkandarasi wa pili aliona tabu kuchimba upande wa pili wa barabara kwenye mwamba. Milisekunde 50 za kugeuza mzigo zilifanya kazi yake barabara. Ziliugeuza kutoka fiba iliyokatika kwenda fiba nyingine iliyokatika.

Mafuriko ni ya msimu. Kijiko cha mkandarasi wa barabara ni cha mwaka mzima. Na kila mkato una deni linalobaki: tunapachika kipande kipya, na kila uzi unapata viungio viwili vipya, kila kiungio kinakula mwanga kidogo. Njia iliyokatwa mara nyingi inafika mahali mwanga wa gigabiti 100 hautoshi tena, na mtambo wa mamilioni unashushiwa kasi kwa sababu ya mtaro. Kwa hiyo siwaonei wivu sana wanaosifia moduli mpya za 400ZR, zilizokubaliwa na umoja wa OIF mwaka 2020, zinazotosha kiganjani na kuchomekwa moja kwa moja kwenye rauta, gigabiti 400 hadi kilomita 120. Dar, Nairobi, Kampala, ndani ya jiji, ni sawa kabisa, nami ningezinunua leo. Kwenye fiba yetu ya wilayani yenye viraka, nataka kwanza mtambo unaoweza kuupima na kuubembeleza mwanga.

Mji wa yule mama wakala ulihamishiwa kwenye mtambo mpya, na ukapata njia ya pili inayopita juu kwenye nguzo za umeme, mbali na barabara. Hapigi simu siku hizi isipokuwa sikukuu.

Diwani au mbunge akisimama mkutanoni akaahidi intaneti ya kasi, msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni fiba inaingia wilayani kwa njia ngapi, na kama ni mbili, zinavuka mto kwa daraja lipi. Mwulizeni umeme ukikatika betri za shelta zinakaa saa ngapi. Na wewe mwenye kijiko, kabla hujashusha jino la kwanza ardhini, tafuta ile nguzo fupi ya tahadhari kando ya barabara. Imeandikwa namba ya simu. Ipige kabla hujachimba.